Mti wa Krismasi wa plastiki unaungua

"Huu ni wa plastiki, na boksi limeandikwa hauungui." Jibu hilo nalipata kila Desemba nikishamaliza kumsimamishia mteja mti na kumwonya kuhusu taa. Nimelisikia majumbani, maofisini na makanisani, na mwaka huu nimechoka kulinyamazia.

Boksi haliandiki hivyo. Linasema plastiki imetiwa dawa ya kuchelewesha moto. Njiti ya kiberiti ikigusa tawi kwa muda mfupi, tawi linakawia kushika, na njiti ikiondolewa huenda likajizima lenyewe. Dawa inaishia hapo. Pazia au kochi likishawaka pembeni, mti nao unawaka.

Miti mingi ya Kariakoo ni ya PVC, plastiki ile ya mabomba ya maji; ndiyo ile yenye vijani bapa vilivyosokotwa kwenye waya. Zaidi ya nusu ya uzito wa PVC tupu ni klorini, ndiyo maana huwa ngumu kuwaka. Ikiungua, klorini hiyo hutoka kama gesi ya asidi inayochoma macho, koo na mapafu, na moshi huo unaweza kumwangusha mtu kabla mwali haujamfikia. Miti ya bei, yenye majani mazito ya kumwagwa kwenye kalibu, kwa kawaida ina PE (polithini, plastiki ya mifuko) nje na PVC ndani karibu na shina. PE haina klorini. Ni ndugu wa nta ya mshumaa: isipotiwa dawa inawaka vizuri na kudondosha matone ya moto sakafuni. Kwa hiyo aliyelipa zaidi hajanunua usalama zaidi, ingawa ndiye anayebishana nami zaidi.

Halafu tazama tunachouvisha. Pamba ya duka la dawa, tunayoitandaza juu ya matawi iwe theluji, haina dawa yoyote ya moto na inashika kwa cheche moja. Mimi siiweki, hata mteja akinuna. Mishumaa ya kweli siiweki pia, na umeme ukikatika usiegemeze mshumaa karibu na mti ili watoto waone mapambo. Washa tochi.

Taa ndizo chanzo ninachokihofia kuliko vyote. Zile za zamani za balbu ndogo zimeungwa kwa mfululizo, na nyingi zimetengenezwa ili balbu moja ikiungua umeme uendelee kupita. Watu hufurahi kwamba zilizobaki zinawaka. Zinawaka kwa sababu zimegawana volti za zile zilizokufa, na kila moja sasa ina joto zaidi ya ililopangiwa. Badilisha balbu au tupa mnyororo. Taa alizokutumia ndugu yako wa Marekani zimetengenezewa volti 120. Ukizichomeka kwenye 230 za kwetu zinapokea nguvu karibu mara nne. Nunua LED, hazipati joto kama balbu. Hata hizo, washa nusu saa kisha shika waya, plagi na kile kiboksi cha kubadilisha mimweko. Kikikuunguza mkono, kirudishe dukani. Na usiunganishe ekstensheni juu ya ekstensheni nyuma ya kochi.

Zima kila mnapotoka. Familia nzima inakwenda ibada ya mkesha, taa zinaachwa zikimetameta ili majirani waone. Umeme unakatika, unarudi kwa kishindo, na nyumbani hakuna mtu. Zima pia mnapolala. Jambo la mwisho kuhusu moto, na hili nalisema kwa kusisitiza: nyumba zetu nyingi zina nondo madirishani, kwa hiyo mlango ndiyo njia pekee ya kutokea. Usisimamishe mti kando ya mlango wa sebule, hata kama hapo ndipo wageni watauona kwanza. Nimeshakataa kazi kwa sababu hiyo na nitakataa tena.

Mengine ninayoambiwa na wateja ni mepesi.

"Umeniuzia mti mwembamba." Hujaufungua. Mti umesafiri kwenye kontena ukiwa umebanwa ubapa. Anza matawi ya chini, kutoka shinani kuja nje, kila kijitawi ukikielekeza upande wake: kimoja juu, kimoja chini, vingine pembeni. Mti wa mita mbili unakula saa nzima na zaidi. Vaa glavu, waya zinakwaruza. Idadi ya ncha za vijitawi iliyoandikwa kwenye boksi isikutie wazimu. Ncha nyingi zisizofunguliwa bado ni ufagio.

"Miti ya bandia ni uvumbuzi wa Wachina." Nyingi zinatengenezwa China, kweli. Lakini Wajerumani walikuwa wakitengeneza miti ya manyoya ya bata bukini yaliyotiwa rangi ya kijani tangu karne ya 19.

"Wa plastiki unaokoa misitu." Inategemea utakaa nao miaka mingapi. Carbon Trust, shirika la Uingereza linalopima hewa ukaa, ilikadiria kwamba mti wa plastiki wa mita mbili unasababisha kilo 40 hivi za hewa hiyo inayopasha dunia joto, wakati mti halisi wa kimo hicho unasababisha kilo 3.5 ukisagwa au kuchomwa baada ya sikukuu, au 16 ukiishia dampo. Hesabu hiyo ni ya miti ya Ulaya inayolimwa shambani kama zao. Kukata mti kwenye hifadhi yetu ni uharibifu, usiutetee kwa namba hizo. Ukinunua wa plastiki, ukae nao zaidi ya miaka 10. Anayebadilisha kila mwaka kwa sababu rangi ya mtindo ni nyeupe hajaokoa msitu wowote.

"Hauhitaji matunzo." Pwani unahitaji. Chumvi na unyevu vinaleta kutu kwenye bawaba za matawi, na joto la dari chini ya bati linakausha plastiki hadi majani yanapukutika. Ufute vumbi, ukauke kabisa, uufunge kwenye mfuko, uuweke kabatini au chini ya kitanda.

"Ukichakaa tunauchoma uani." Usifanye hivyo, naomba. PVC ikiungua kwenye moto wa takataka inatoa ile gesi ya asidi pamoja na dioksini, sumu inayodumu muda mrefu kwenye udongo na mwilini. Kata matawi ambayo bado mazima, yasokote yawe shada la mlangoni, na nguzo na stendi ya chuma mpe kijana wa chuma chakavu.