Bunduki Hairithiwi Kama Ng'ombe: Haki, Kibali na Silaha za Majumbani Kanda ya Ziwa

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 haina ibara inayompa mwananchi haki ya kumiliki bunduki. Ibara ya 14 inampa haki ya kuishi na ya kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake. Ibara ya 147 inamkataza mtu, shirika au kikundi chochote, isipokuwa Serikali, kuunda jeshi la aina yoyote. Bunduki ya raia imeachiwa sheria ya kawaida, yaani Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Kwa hiyo anayesema "ni haki yangu kikatiba kuwa na bastola" kijiweni Kirumba au Buzuruga jijini Mwanza anataja katiba ya nchi nyingine.

Nchi hiyo ni Marekani. Marekebisho ya Pili ya Katiba yao, yaliyopitishwa 1791, yanataja wanamgambo waliopangwa vizuri na, katika sentensi hiyohiyo, haki ya watu kumiliki na kubeba silaha. Ubishi juu ya sentensi hiyo ulidumu zaidi ya karne mbili: je, haki ni ya wanamgambo au ya kila mtu? Mwaka 2008, katika shauri la Heller, Mahakama ya Juu iliamua kwamba ni ya mtu mmoja mmoja, awe na silaha nyumbani kwa kujihami. Mwaka 2022, katika shauri la Bruen, ikabatilisha sharti la New York la mtu kuthibitisha sababu ya pekee kabla ya kuruhusiwa kutembea na bastola. Miaka miwili baadaye, katika shauri la Rahimi, ikakubali kwamba mtu aliyewekewa amri ya mahakama kwa kutishia usalama wa mwenzi wake anaweza kunyang'anywa silaha. Hata huko, basi, haki hiyo ina mipaka.

Neno la kuliangalia hapo ni sababu. New York haiwezi tena kumdai mwombaji sababu ya pekee. Kwetu, bila sababu ombi halina miguu.

Na tusiwabeze wanaotetea silaha, maana hoja yao tumewahi kuiishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi Usukumani na Unyamwezini, watu hawakungoja gari la polisi ambalo halikuwa linakuja. Walichukua pinde, mishale na filimbi, wakaunda vikundi vya ulinzi vya sungusungu, na wizi ukapungua. Serikali iliyowatazama kwa mashaka mwanzoni ikaja kuwapa nafasi kisheria mwaka 1989. Lakini baadhi ya vikundi hivyo vilitesa washukiwa na hata kuua, kwa sababu mwenye silaha, shahidi na hakimu walikuwa mtu yuleyule. Anayetaka bunduki nyingi zaidi vijijini leo aijibu kwanza hoja hiyo.

Hoja yenye uzito zaidi inatoka ziwani. Mvuvi wa Ukara au Kome anayevamiwa usiku na kuporwa injini na nyavu hana kituo cha polisi ng'ambo ya barabara, na anapouliza kwa nini asiruhusiwe kuwa na bunduki ndani ya boti, anauliza swali la haki. Jibu letu ni hapana, kwa sababu za kimaumbile kuliko za kisheria. Boti inayumba, taa za dagaa zinakuanika wewe huku mvamizi akiwa gizani, na yeye ndiye anayechagua saa. Risasi inayopiga maji kwa pembe ndogo haizami. Inaruka na kuendelea. Ya raifo kubwa inaweza kufika kilomita 3 au zaidi, na hata ile ndogo ya .22 inapita kilomita 1, wakati ziwani usiku boti za jirani ziko karibu kuliko hapo. Unyevu nao unaingia: chuma kinashika kutu, risasi zinaharibika, silaha inagoma siku unapoihitaji. Kubwa kuliko yote, bunduki ndani ya boti ni kitu cha nne cha kuporwa baada ya injini, nyavu na samaki, na hicho ndicho kitakachotumika kuvamia boti inayofuata. Kuvua kwa makundi, kuchonga namba kwenye injini na kuiorodhesha kwa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo), na kudai doria ya kweli, ni mambo yanayochosha, tunakubali. Ndiyo yanayofaa.

Kwa aliye nchi kavu na mwenye haja halisi, ombi linaanzia serikali ya mtaa au kijiji, linapita kata, linafika kwa mkuu wa polisi wa wilaya na Kamati ya Ulinzi na Usalama inayoongozwa na Mkuu wa Wilaya, kisha mkoani, hadi kwa Msajili wa Silaha. Maombi mengi hudhoofika kwenye mstari wa sababu. "Kwa usalama wangu" haitoshi. Eleza unafanya biashara gani, fedha au dhahabu inatoka wapi kwenda wapi, ng'ombe wanalala wapi, na silaha itahifadhiwa vipi. Usiombe bunduki ya mtindo wa kijeshi: Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo ya mwaka 2004, ambayo Tanzania imo, inataka nchi wanachama zipige marufuku raia kumiliki bunduki zinazojifyatua mfululizo na raifo zinazojikoki zenyewe.

Hatua ya mtaa wengi huiona ni mhuri tu. Sisi tunaiona ndiyo kubwa kuliko zote. Msajili hawezi kujua kwamba mwombaji humpiga mkewe, akilewa hutishia watu, au ana ugomvi wa kiwanja na kaka yake. Mjumbe na majirani wanajua. Kamati inayopitisha jina kwa soda na bahasha imeuza kitu ambacho ngazi za juu haziwezi kukirudisha.

Leseni ikitoka, hatari kubwa inahamia chumbani. Marekani mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Bunduki iliyonunuliwa kwa ajili ya jambazi iko karibu zaidi na mwenye nyumba kuliko na jambazi huyo. Chini ya godoro si hifadhi, juu ya kabati si hifadhi. Kinachotakiwa ni sanduku la chuma lililofungwa kwa bolti ukutani au sakafuni, risasi zikiwa kwenye kisanduku chao chenye kufuli lake, na ufunguo usijulikane na watoto wala wageni.

Ajali nyingine za bastola hutokana na kugeuza mpangilio wa kutoa risasi. Elekeza mtutu pasipo na mtu, kidole kiwe nje ya kifyatulio, toa magazini (kasha la risasi) kwanza, kisha vuta nyuma mtambo, yaani sehemu ya juu inayoteleza, na uangalie chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kwa macho na kidole. Ukivuta mtambo magazini ikiwa bado ndani, risasi moja inatoka na nyingine inaingia. Kisha unatoa magazini ukidhani umemaliza. Baadhi ya waliosema "sikujua kama ina risasi" walifanya hivyo.

Kujihami nako kuna kipimo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 18B, inaruhusu nguvu ya kiasi kinachohitajika tu. Ukizidisha na mtu akafa, ni kosa la kuua bila kukusudia. Mwizi anayekimbia na kuku mgongo ukiwa kwako hakutishii tena maisha.

Mwenye leseni akifariki, leseni inakoma siku hiyo. Wanandugu hugawana ng'ombe, nyumba na shamba kwenye kikao cha ukoo, kisha bunduki "inabaki kwa mtoto mkubwa". Mtoto huyo sasa anamiliki silaha bila kibali, na kosa hilo huendeshwa chini ya sheria ya uhujumu uchumi. Toeni taarifa polisi mapema, msingoje arobaini. Mkabidhi silaha, risasi na leseni, mpewe maandishi ya mapokezi. Anayeitaka aanze ombi lake upya, kwa sababu yake mwenyewe.

Gobole, yaani bunduki ya kienyeji ya kushindilia baruti mtutuni, likiwa halikusajiliwa halina mrithi. Mara nyingi mtutu wake ni bomba ambalo halikuundwa kuhimili mlipuko, na likipasuka hupasukia kwenye uso na mkono wa aliyelishika. Baruti iliyopata unyevu inaweza kuchelewa kuwaka, ikafyatuka wakati mtu ameinama kuangalia kulikoni. Ukilikuta kwenye dari la marehemu babu, hesabu kwamba limeshindiliwa. Usilitingishe, usichokonoe mtutu, usimpe kijana "alimalizie" porini, na usilipakie kwenye bodaboda kulipeleka kituoni. Funga chumba, mwite mtendaji na polisi kata waje walichukue hapo lilipo.