Leleshwa si seji, wala si mkafuri

Ukitoka Nairobi kuelekea Ngong au Kajiado, utaona vichaka vya kijivu, majani yake meupe kwa chini. Hiyo ndiyo leleshwa. Wengi wameizoea kwa jina la "seji ya porini", na utamsikia mtu akiapa kwamba ni ile ile wanayofukiza wenyeji asilia wa California.

Siyo. Seji nyeupe ya California, Salvia apiana, ni ndugu wa mrihani na mnanaa. Leleshwa, Tarchonanthus camphoratus, ni ya ukoo wa alizeti. Kinachowachanganya watu ni rangi na harufu tu. Harufu hiyo hiyo imezaa kosa la pili, tena likaingia mpaka kwenye jina la kisayansi, "camphoratus": kuidhania kafuri. Kafuri halisi, ile tunayoijua kwenye kuosha maiti, asili yake ni mti wa Asia Mashariki.

Kwa hiyo leleshwa haina kazi? Hapana, inazo zake. Wamaasai huweka majani yake kwapani kukata harufu ya jasho, na hutandika matawi yake kitandani yakanukia usiku kucha. Kusini mwa Afrika moshi wa majani hutumiwa kwa maumivu ya kichwa, na mbegu zenye manyoya hujazwa kwenye mito ya kulalia. (Manyoya hayo utayapata kwenye kichaka jike tu, dume hana.) Huku kwetu, nyingi huishia kwenye gunia la makaa.