GPA ya chuo hupatikanaje?

Matokeo yakitoka, wapo wanaochukua kikokotoo, wakajumlisha pointi za gredi zao, wakagawa kwa idadi ya kozi na kupata 3.6. Wakifungua akaunti zao za chuo wanakuta 3.4. Wengi hudhani wameonewa, kumbe wamesahau uniti.

GPA ni wastani wa pointi za gredi, ila kila kozi huingia kwa uzito wake, na uzito huo ndio uniti. Tuchukue Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. A, yaani maksi 70 na kuendelea, ina pointi 5. B+ huanzia 60 na ina 4, B huanzia 50 na ina 3, C huanzia 40 na ina 2. D ina 1, E haina kitu. Aliyetoka kidato cha nne ajihadhari hapa: kule A ni pointi 1, na mwenye jumla ya 7 ndiye aliyefanya vizuri kuliko wote. Chuoni pointi nyingi ndizo nzuri.

Sasa hesabu yenyewe. Pointi ya gredi izidishe kwa uniti za kozi hiyo, fanya hivyo kwa kozi zote, jumlisha, kisha gawa kwa jumla ya uniti. Tuseme una kozi tano. Ya uniti 2 umepata A: 10. Mbili za uniti 3 umepata B+: 12 na 12. Nyingine ya uniti 3 umepata B: 9. Ya uniti 4, ile ngumu, umeambulia C: 8. Jumla ni 51, uniti ni 15. Gawa: 3.4.

Badilisha kitu kimoja tu: ile A iwe kwenye kozi ya uniti 4, C iende kwenye ya uniti 2. Gredi ni zilezile, lakini jumla inapanda hadi 57 na GPA inakuwa 3.8. Kwa madaraja ya shahada, 3.4 ni daraja la pili la chini, kuanzia 3.5 ni la pili la juu, na la kwanza huanzia 4.4. Ndiyo maana inaniuma kuona mtu akikesha na kozi ya uniti 2 anayoipenda huku ile ya uniti 4 akiiachia wiki ya mwisho.

Kosa jingine ni kujumlisha GPA za semesta mbili na kugawa kwa 2. Semesta ya pili ikiwa na uniti 20 na pointi 90, GPA yake ni 4.5. Ukichanganya 3.4 na 4.5 kwa njia hiyo unapata 3.95. Hesabu sahihi ni pointi 141 kwa uniti 35, yaani 4.03. Rudi kwenye pointi na uniti kila mara.

Na ukiomba nafasi ya masomo Marekani, taja kipimo chako. Huko kwa kawaida A ni 4, kwa hiyo 3.8 yako ya kati ya 5 si sawa na 3.8 yao.