Umio kabla ya saratani: maswali na majibu

Nameza vizuri kabisa. Nikapimwe umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, wa nini?
Mabadiliko ya awali hayaumi wala hayazuii ugali kupita. Chakula kikianza kukwama, mara nyingi uvimbe umeshakua, na wengi huku Moshi na Arusha hufika hospitali wakati huo. Si kila mtu apigwe kamera (mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni hadi kwenye umio), lakini mvutaji wa sigara, mnywaji wa pombe wa miaka mingi, au mwenye ndugu aliyeugua saratani hii azungumze na daktari. Chakula kikishakwama, usingoje: omba rufaa, kwa mfano KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi.

Mtandaoni wanataja kiungulia na umio wa Barrett. Ndiyo hiyo?
Ni njia nyingine. Kiungulia cha muda mrefu kinaweza kubadili utando wa sehemu ya chini ya umio ufanane na wa utumbo (huo ndio umio wa Barrett), na baadaye kuleta saratani ya seli za tezi za umio, iliyozoeleka zaidi Ulaya na Marekani. Afrika Mashariki iliyotawala ni saratani ya seli bapa (seli tambarare za utando wa umio), ambayo haihitaji kiungulia. Kwa hiyo usijipe moyo kwamba hukipati.

Kamera inaonaje kitu ambacho bado si uvimbe?
Kwa mwanga wa kawaida hupitwa kirahisi. Ndiyo maana daktari hunyunyizia Lugol, dawa ya iodini. Seli bapa zenye afya zina akiba ya glaikojeni (aina ya sukari), hivyo hugeuka kahawia iliyokolea. Zilizobadilika zimepungukiwa na akiba hiyo, zinabaki na unjano hafifu. Hapo ndipo hukatwa vinyama, yaani vipande vidogo vya utando vya kupimwa. Wengine huhisi kifua kinawaka kwa muda. Mwenye mzio wa iodini au tatizo la tezi ya shingo aseme mapema.

Baka lisiloshika rangi ni saratani?
La. Hata umio uliochubuka huweza kukataa rangi. Anayeamua ni mtaalamu wa patholojia kwa hadubini: hakuna kitu, displasia (seli zilizobadilika lakini bado si saratani) ya daraja la chini, au ya juu. Ya chini mara nyingi hufuatiliwa kwa kamera tena. Ya juu huweza kuondolewa kwa kamera hiyohiyo, bila kupasua kifua.

Na chai ya moto?
Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa WHO waliweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Iache ipoe.

Nijiandaeje?
Usile kwa saa sita hadi nane. Taja dawa zote unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda. Ukipewa dawa ya usingizi, usiendeshe pikipiki siku hiyo. Majibu ya vinyama hayatoki papo hapo. Uliza tarehe, ukayafuate mwenyewe.