MOD5 haina kazi? Uliipima kwenye sahani gani?

Imekuja tena hoja kuhusu MOD5, jeni ya hamira inayotengeneza kimeng'enya Mod5: "Nimefuta MOD5, hamira imeota vizuri kwenye YPD, kwa hiyo jeni haina kazi." Jamani. YPD, chakula cha kawaida cha hamira maabara, ina glukosi 2%, peptoni 2% na dondoo ya hamira 1%. Ukiongeza joto la nyuzi 30, hiyo hamira iko harusini. Kilichothibitika ni kwamba MOD5 si ya lazima *hapo*. TRM6 na TRM61, jeni nyingine za kurekebisha tRNA (molekuli inayosoma kodoni, yaani herufi tatu za ujumbe wa jeni, na kuleta asidi amino yake), ukizifuta seli hufa, lakini hakuna aliyesema MOD5 ni wa ukoo huo.

Mod5 huchukua DMAPP, molekuli ndogo yenye kikundi cha isopentenili, na kukibandika kwenye A37 (herufi A ya nafasi ya 37), jirani kabisa na antikodoni, herufi tatu zinazoshikana na kodoni, katika tRNA za serini, tairosini na sisteini. Kodoni za tRNA hizo karibu zote huanza na U (serini ina mbili za AGU na AGC, na tRNA yake hiyo Mod5 haiigusi), kwa hiyo A36, herufi ya mwisho ya antikodoni, hushikana na U, jozi dhaifu. Isopentenili huilalia jozi hiyo na kuikaza. Ikikosekana, tRNA bado inasoma, ila kwa kulegea, na kulegea peke yake hakuui. Tafuta kipimo kinachoonyesha kulegea.

Kipo tangu miaka ya 1970. Chukua straini yenye ade2-1 (jeni mbovu ya kutengeneza adenini, inayofanya koloni iwe nyekundu) na can1-100 (jeni mbovu ya Can1, mlango unaoingiza arijinini na sumu inayofanana nayo, kanavanini), zote zina UAA, kodoni ya kusimamisha tafsiri, katikati ya jeni, pamoja na SUP7, yaani tRNA ya tairosini iliyogeuzwa ili isome UAA. MOD5 ikiwa nzima, SUP7 inaivuka UAA: koloni ni nyeupe, na kanavanini inaiua kwa sababu mlango wa Can1 umerudi. Futa MOD5: SUP7 inachoka, koloni inakuwa nyekundu, kanavanini haiiui tena. Jeni ileile "isiyo na kazi".

Hapa ndipo watu huharibu. Ukiongeza adenini nyingi kwenye sahani, wekundu hautokei hata kama MOD5 haipo. Subiri siku 3, kisha weka sahani kwenye friji, rangi hukolea. Halafu kuna seli zilizopoteza upumuaji wa mitokondria: hata zikiwa na ade2 mbovu huonekana nyeupe, na mtu anashangilia. Zihamishie kwenye gliseroli 3% bila glukosi, chakula kisicholika bila upumuaji. Zisipoota, weupe huo ni wa uongo. Kwa kanavanini tumia takriban miligramu 60 kwa lita, kwenye chakula kisicho na arijinini. Ukiitia kwenye YPD umeimwaga bure.

Sasa nikiri upande wangu. SUP7 inagombania UAA na Sup45, protini inayofunga tafsiri. tRNA ya kawaida ya serini haina mpinzani wa namna hiyo kwenye kodoni yake. Kwa hiyo rangi nyekundu inathibitisha kwamba kukaza kupo. Haikupi kiasi cha hasara kwa protini za kila siku. Na kufuta jeni huondoa vitu viwili kwa mpigo, kikundi cha A37 na protini yenyewe, ilhali protini hiyo ina shughuli nyingine. Mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba Mod5 inaweza kujikusanya kama prioni, yaani protini iliyogandamana na kuambukiza umbo lake kwa nyingine. Ergosteroli, mafuta ya utando wa hamira, ikapanda na seli zikastahimili flukonazoli, dawa ya kuua fangasi. Si ajabu, kwani Erg20, kimeng'enya cha njia ya ergosteroli, hula DMAPP hiyohiyo. Kwa hiyo pamoja na straini iliyofutwa, weka nyingine yenye Mod5 iliyoharibiwa mahali pa kazi tu.

La mwisho, linalonikera kuliko yote: AUG, kodoni ya kuanzia tafsiri, ni mbili katika MOD5. Ya kodoni ya 1 hutoa protini inayoingia mitokondria na pia kubaki nje; ribosomu zinazoiruka huanzia ya 12, na protini hiyo hukaa saitosoli na kwenye kiini. Ukibandika GFP, protini ya kung'aa inayotumika kama alama, mbele umeziba anwani ya mitokondria. Ukinakili jeni kuanzia AUG ya 12, tRNA za mitokondria zitabaki uchi, bila isopentenili, na sahani yako ya rangi itasema kila kitu ni sawa. Bandika nyuma, na soma mfuatano wa plasmidi kabla ya kulaumu jeni.