Maji ya moto na ndimu hayakati mafuta uliyokula

Jumatatu iliyopita nilihudumia watu saba kabla ya saa sita mchana. Watatu kati yao, ambao hawajuani kabisa, waliniambia neno lilelile: wanakula chipsi mayai, supu ya kongoro na mihogo ya kukaanga bila hofu, kwa sababu wakimaliza tu wanakunywa maji ya moto yenye ndimu "kukata mafuta". Mmoja ni mama mtu mzima, mfanyabiashara wa Kariakoo, na chupa yake ya maji ya moto alikuwa nayo kwenye mkoba. Majibu ya kipimo chake cha damu yalionyesha trigliseraidi, yaani mafuta yanayosafiri katika damu, zaidi ya mara mbili ya milimoli 1.7 kwa lita, kiwango ambacho tusingependa mtu aliyefunga akivuke. "Daktari, mbona kila siku nakunywa?" akaniuliza. Sikuwa na la kumjibu kwa dakika mbili, ndiyo maana naandika.

Imani hii imetoka jikoni, nami naielewa. Kila aliyeosha sufuria ya pilau anajua kwamba maji baridi yanagandisha mafuta na ya moto yanayalegeza. Basi tumbo nalo likageuzwa sufuria. Ila tumbo liko kwenye nyuzijoto 37 usiku na mchana. Maji ya barafu unayonunua Posta juani yatakuwa yamefikia joto la mwili kabla nusu saa haijaisha, na ya moto nayo yatakuwa yamepoa hadi palepale. Halafu, hata hiyo sufuria haitakati kwa maji ya moto matupu. Inataka sabuni. Mwili una sabuni yake, nayo ni nyongo.

Mafuta yakitoka tumboni na kuingia utumbo mwembamba, nyongo inayagawa kuwa vitone vidogo sana, vimeng'enya vya kongosho vinavikatakata, kisha ukuta wa utumbo unafyonza. Kwa mtu mzima wa afya, zaidi ya asilimia 90 ya mafuta aliyokula yanafyonzwa, awe amekunywa ndimu, tangawizi au maji matupu. Ukutani humo yanaunganishwa upya kuwa trigliseraidi na kufungwa kwenye vifurushi viitwavyo kailomikroni. Vifurushi hivi havipiti kwanza kwenye ini kama sukari inavyopita. Vinapanda kwa mishipa ya limfu na kumwagwa kwenye mshipa mkubwa wa damu chini ya shingo, upande wa kushoto.

Ukichukua damu ya mtu saa tatu au nne baada ya mlo mzito wa mafuta, ukaizungusha kwenye mashine hadi chembe zishuke chini, yale majimaji yanayobaki juu yanaweza kuwa meupe kama tui jepesi. Nataka msomaji aikumbuke picha hiyo, maana tui ndilo mfano mzuri kuliko sufuria. Mafuta ya nazi yamo ndani ya tui, yamegawanyika katika vitone vidogo vinavyoelea kwenye maji, na huyaoni yakielea kama mafuta ya supu. Ndivyo mafuta yanavyosafiri katika damu. Hayagandi humo, kwa hiyo hakuna cha kuyeyusha.

Trigliseraidi hiyo inafikia kilele kati ya saa ya tatu na ya nne, na kwa mtu mwenye afya inarudi ilikokuwa baada ya saa sita hadi nane. Mwenye kisukari au kitambi kikubwa anachelewa zaidi. Fanya hesabu ya siku ya kawaida hapa mjini: supu na chapati saa moja asubuhi, wali na nyama ya kukaanga saa saba, sambusa mbili saa kumi na moja kwenye foleni, chipsi usiku. Damu haipati nafasi ya kusafishika. Tena, sehemu ya mafuta ya asubuhi hubaki imehifadhiwa kwenye ukuta wa utumbo na kuachiwa unapoanza kula mchana. Mwaka 1979 mwanasayansi Donald Zilversmit alitoa hoja kwamba kuziba kwa mishipa ni jambo linalojengeka baada ya milo, kwa sababu mabaki ya vifurushi hivi yanaweza kupenya kwenye ukuta wa mshipa na kuacha lehemu (kolestro) humo. Sasa niambie, kikombe cha ndimu ulichokunywa saa saba na nusu kitafanya kazi gani kwenye damu ya saa kumi na moja?

Unywe ukipenda, hakidhuru. Kinachoniumiza ni kwamba kinampa mtu ruhusa.

Na soda ya "kushushia" ni mbaya zaidi, maana yenyewe inaongeza tatizo. Gesi haisagi mafuta. Sukari ya soda inalisukuma ini litengeneze trigliseraidi nyingine juu ya ile inayotoka kwenye chipsi. Pombe pamoja na nyama ya mafuta ni vivyo hivyo. Trigliseraidi ikivuka 10, kongosho linaweza kuvimba, na hapo mtu analazwa.

Wengine wananiambia, "Mafuta yangu yameandikwa hayana kolestro." Hakuna mafuta ya mmea yenye lehemu ya kuhesabika. Yangeandikwa au yasingeandikwa, ni yaleyale. Gramu moja ya alizeti ina kalori 9 sawa na gramu ya mawese, na baada ya mlo mmoja kinachopandisha trigliseraidi zaidi ni wingi wa mafuta kuliko aina yake. Aina inaonekana baada ya wiki kadhaa. Mafuta yanayoganda, kama ya ng'ombe, samli na mawese, yanapunguza uwezo wa ini kuondoa LDL, ile inayoitwa lehemu mbaya, kwenye damu, hivyo LDL inapanda taratibu. Alizeti ikichukua nafasi yake, LDL inashuka. Nimesema ikichukua nafasi yake. Kuna wanaoongeza alizeti juu ya samli halafu wanakuja kushangaa.

Nazi naulizwa kila siku, na watu wa Pwani wananikasirikia. Wanasema mafuta yake ni mepesi, yanakwenda moja kwa moja kwenye ini na kuchomwa. Hiyo ni kweli kwa asidi mafuta fupi zaidi, ambazo kwenye nazi ni chache. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, na sehemu yake kubwa inasafiri kwa vifurushi vilevile. Ukilinganisha na alizeti, nazi inapandisha LDL. Maharage ya nazi mara moja moja sikukatazi. Kukaangia mafuta ya nazi kila siku kama dawa, nakukataza.

Ninachowashauri wateja wangu mpaka wananichoka ni vitu viwili. Kwanza, vibua. Nenda soko la samaki la Feri asubuhi, ni samaki wa bei nafuu mwenye mafuta ya omega-3, ambayo yakiliwa mara kwa mara yanapunguza trigliseraidi inayotengenezwa na ini. Mchemshe au mchome, kwa sababu ukimzamisha kwenye karai umemwongezea yale tunayoyakimbia. Pili, kutembea. Misuli inayofanya kazi inaongeza kimeng'enya kinachofungua vifurushi vya mafuta kwenye damu. Ukitembea kwa kasi saa nzima jioni, trigliseraidi ya mlo wa kesho asubuhi haitapanda sana kama ambavyo ingepanda ungekaa tu. Faida hiyo inapotea ndani ya siku mbili hivi, kwa hiyo matembezi ya Jumapili ufukweni hayalindi mlo wa Alhamisi. Shuka kituo kimoja kabla ya nyumbani.

La mwisho ni kwa wanaoahirisha vipimo kwa sababu walikunywa chai. Tangu mwaka 2016 wataalamu wa Ulaya wamekubaliana kwamba kwa wengi si lazima kufunga kabla ya kupima mafuta ya damu: baada ya mlo wa kawaida trigliseraidi inapanda kwa wastani wa 0.3 hivi, na LDL inashuka kidogo tu. Trigliseraidi ikizidi 5 ndipo unarudia ukiwa umefunga. Kama kituo chako kimekuambia ufunge, funga. Kama hakijakuambia, nenda ulivyo, na mweleze anayekutoa damu ulikula nini na saa ngapi. Yule mama wa Kariakoo alikuwa ameahirisha mara tatu.