Je, wajua kwa nini boti mbili zenye injini sawa hazirudi kutoka Kilwa kwa namna moja?

Chukua boti mbili za fibaglasi zilizofungwa gatini Mtwara. Kila moja ina urefu wa mita 9 na ushei, kabini mbele, na nyuma yake injini mbili zenye nguvu za farasi 200 kila moja. Asubuhi, bahari ikiwa shwari ndani ya ghuba, huwezi kuzitofautisha, kwa kuwa zote hufikia noti 30, na noti moja ni maili moja ya bahari, yaani kilomita 1.85, kwa saa. Zipeleke Kilwa Masoko, umbali wa karibu maili za bahari 90, kisha uzirudishe Mtwara mwezi Julai kusi, ule upepo wa kutoka kusini, likivuma. Moja itarudi kwa noti 16 au 18 huku abiria wakizungumza. Nyingine italazimika kushuka hadi noti 9, na abiria watateremka gatini wakishika viuno. Injini ni zile zile. Tofauti iko chini ya maji, katika sehemu ambayo mnunuzi aghalabu haiangalii kwa sababu macho yake yako kwenye viti na rangi.

Ili kulielewa jambo hili, yafaa kuanza na mashua na jahazi. Vyombo hivyo hulipasua maji na kuyasukuma pembeni, na katika kufanya hivyo hujitengenezea wimbi ambalo haviwezi kulipanda, kiasi kwamba kasi yao hufungwa na urefu wao. Chombo chenye urefu wa mita 9 kwenye usawa wa maji hufika takriban noti 7, na kukiongezea injini kubwa zaidi huzaa povu na moshi kuliko mwendo. Boti ya kasi huepuka kifungo hicho kwa kupanda juu ya maji na kuteleza, kama lile jiwe bapa ambalo watoto hulirusha likaruka-ruka juu ya maji matulivu. Tumbo la boti likishainuliwa na maji, sehemu kubwa ya ule uzito wa kupasua huondoka, na kuanzia hapo kasi huamuliwa hasa na uwiano wa nguvu za injini na uzito wa chombo.

Uwiano huo una kanuni inayowavunja moyo wanaoamini kwamba injini mbili huleta kasi maradufu. Kasi ya boti inayoteleza hukua kwa kipeuo cha pili cha nguvu iliyogawanywa kwa uzito. Boti ya tani 4.5 yenye jumla ya nguvu za farasi 400 hukadiriwa kufikia noti 30. Boti hiyo hiyo ikibaki na injini moja ya farasi 200, na kupungukiwa na uzito wa ile nyingine, ingekadiriwa kufikia noti 22 hivi. Umeongeza injini nzima, umeongeza zaidi ya kilo 200 nyuma ya chombo, umeongeza mguu wa pili unaoburutwa majini, na umepata noti 8. Kwa hiyo ikiwa kasi peke yake ndiyo shabaha, injini moja yenye nguvu sawa na zile mbili kwa jumla kwa kawaida ni nyepesi kuliko hizo mbili na hutumia mafuta pungufu.

Injini mbili zina sababu nyingine, na kwa pwani ya Lindi na Mtwara ninaiona kuwa sababu ya kutosha kabisa. Kati ya Mtwara na Kilwa kuna sehemu ndefu ambazo, injini moja ikizimika, hakuna wa kukuvuta kwa saa nyingi. Aidha, mkondo wa bahari katika pwani hii huelekea kaskazini mwaka mzima, na kusi likivuma huongeza nguvu, hivyo chombo kilichozimika hakingojei mahali pamoja. Ukiwa na injini ya pili utarudi, ingawa polepole, kwa sababu boti nyingi, zikiwa bado zimebeba na kuiburuta ile iliyozimika, haziwezi kuteleza kwa injini moja na hurudi kwenye mwendo wa mashua. Injini mbili pia hurahisisha kufunga gatini, maana ukiiweka moja mbele na nyingine nyuma boti hujigeuza papo hapo, na zile zilizotengenezwa ili propela moja izunguke kulia na nyingine kushoto hufutiana msukumo wa pembeni, usukani ukawa mwepesi.

Lakini faida hiyo yote hupotea ikiwa injini zote mbili zinanyonya mafuta kutoka tangi moja kupitia chujio moja. Petroli iliyokaa kwenye madumu na kuingiwa na maji haichagui injini. Huzizima zote kwa dakika ile ile, na mara nyingi hufanya hivyo pale mawimbi yanapolikoroga tangi na kuinua uchafu uliotulia chini. Kabla ya kuuliza bei, funua sakafu ya nyuma uangalie kama kila injini ina tangi lake au angalau bomba lake, chujio lake la kutenga maji, na betri yake. Boti isiyo na mpangilio huo ina injini mbili kwa hesabu tu.

Sasa turudi kwenye lile tumbo. Wale vijana wanaojirusha majini kutoka gatini wanajua kwamba atakayetanguliza mikono ataingia kimya, na atakayeangukia tumbo atatoka na ngozi nyekundu, ingawa wote wawili wameanguka kutoka urefu ule ule. Tumbo bapa la boti linaposhuka kutoka juu ya wimbi husimamishwa ghafla, na nguvu yote ya kusimama huingia katika migongo ya abiria. Tumbo lenye umbo la V huingia kidogo kidogo, ule mshtuko ukatandazwa katika muda mrefu zaidi. Katika mashindano ya boti ya mwaka 1960 kutoka Miami hadi Nassau, yaliyofanyika kwenye bahari chafu, Richard Bertram alishinda kwa boti iliyoitwa Moppie, iliyobuniwa na Mmarekani C. Raymond Hunt ikiwa na V yenye kina hadi nyuma kabisa. Kabla ya hapo boti nyingi za kasi zilikuwa na V mbele tu, kisha tumbo likalala bapa kuelekea nyuma, na hapo nyuma ndipo boti inayoteleza huyagusia maji.

Pembe hiyo inapimika bila kumtegemea muuzaji. Boti ikiwa nchi kavu, simama nyuma yake, pima kutoka katikati ya mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, kwenda pembeni sentimita 100 kwa mlalo, kisha pima tumbo limepanda kiasi gani katika umbali huo. Likipanda sentimita 21, pembe ni nyuzi 12, na boti hiyo ni nzuri kwa maji ya ndani ya ghuba ya Mikindani lakini itakuadhibu nje. Likipanda sentimita 36 ni nyuzi 20, na likikaribia 45 ni nyuzi 24, kama zile boti za mashindano. Si kweli, hata hivyo, kwamba pembe kubwa zaidi ndiyo bora. V yenye kina hudai nguvu zaidi ili iinuke, huyumba ubavu kwa ubavu ikisimama, na huhitaji kina kikubwa zaidi cha maji, jambo lenye uzito mahali ambapo siku za bamvua maji hupwa na kujaa kwa zaidi ya mita 3. Mtu anayewapeleka wageni nje ya Msimbati kuangalia nyangumi huenda kwa mwendo wa kasi kwa saa moja, kisha husimama kwa saa mbili, na katika saa hizo mbili boti ya nyuzi 24 itawatapisha wageni wake. Kwa pwani hii ningechagua nyuzi 18 hadi 20, na ningependelea boti ndefu na nyembamba kiasi kuliko fupi na pana, hata kama ile pana ina kabini yenye nafasi zaidi.

Yaangalie mawimbi yenyewe. Wimbi la bahari kuu linalopita kila baada ya sekunde 5 lina urefu wa takriban mita 39 kutoka kilele hadi kilele, na husafiri kwa noti 15 hivi. Boti inayokwenda noti 20 kuelekea Kilwa likiwa nyuma yake hulipita polepole, na hukutana na kilele kipya kila baada ya sekunde 15, ndiyo maana safari ya kwenda huonekana nyepesi. Ikirudi kwa kasi ile ile kulielekea kusi, hukutana na kilele kila baada ya sekunde 2, yaani vipigo karibu 30 kwa dakika. Nahodha akipunguza hadi noti 12, vipigo hupungua hadi 21 hivi, na kila kimoja huwa chepesi zaidi kwa kuwa boti hairuki tena kutoka wimbi hadi wimbi.

Hapa ndipo lilipo swali ambalo ni wanunuzi wachache huliuliza, nalo kwa maoni yangu lina thamani kuliko swali la kasi ya juu kabisa: je, boti hii huweza kuendelea kuteleza kwa kasi ndogo kiasi gani? Boti inayobaki juu ya maji kwa noti 12 au 13 humpa nahodha nafasi ya kupunguza mwendo bahari inapochafuka huku safari ikiendelea. Boti inayozama tumbo mara tu inaposhuka chini ya noti 17 humwachia mambo mawili tu: aende kwa noti 18 na kuwavunja watu migongo, au atambae kwa noti 8 hadi usiku. Vibao vya chuma vinavyofungwa nyuma chini ya maji, ambavyo nahodha huviinua na kuvishusha kwa swichi, husaidia sana hapa, kwani huiinua sehemu ya nyuma na kuishusha omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, kidogo, ili ile V kali ya mbele ndiyo ipokee wimbi. Wimbi likiwa nyuma hufanywa kinyume chake: vibao huinuliwa na omo huachwa juu, kwa sababu omo ikizama kwenye mgongo wa wimbi la mbele boti huweza kugeuzwa ubavu na kupinduka.

Mahali pa kukaa pia hubadilisha safari kuliko watu wanavyodhani. Boti inayoteleza hupanda na kushuka zaidi mbele, na mtikisiko mdogo zaidi uko karibu na theluthi ya nyuma. Katika boti nyingi za kabini, kitanda kiko omoni kabisa, na ni pazuri kulala ukiwa umetia nanga, lakini ni pabaya kuliko pote chombo kikiwa safarini. Mgonjwa au mama mjamzito anayeletwa Kilwa kutoka kisiwa cha Songo Songo asilazwe humo kwa heshima. Alazwe nyuma, chini ya kivuli, aone upeo wa bahari. Kichefuchefu hutokana zaidi na mwendo wa polepole wa kupanda na kushuka, kama mara moja kila sekunde 5, na huzidi mtu akiwa ndani mahali ambapo macho hayaoni kile ambacho mwili unahisi.

Boti yenye matumbo mawili hupunguza mtikisiko bila kuyumba sana ikisimama, ila wimbi likiwa kubwa hupiga dari iliyo kati ya matumbo hayo kwa kishindo, tena hukasirishwa upesi na mzigo mzito.

Kuhusu mafuta, injini ya petroli ya farasi 200 ikiendeshwa kwa nguvu zake zote hunywa lita 70 hadi 80 kwa saa, na mbili ni maradufu ya hapo. Utaratibu wa manahodha waangalifu ni theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi isiyoguswa, na anayerudi kutoka Kilwa wakati wa kusi ana upepo, wimbi na mkondo vyote usoni, kwa hiyo ile theluthi ya tatu si ya mapambo.

Muuzaji atapenda kukuonyesha boti asubuhi, ikiwa na watu wawili na mafuta robo tangi. Mwombe iwe alasiri, tangi zikiwa zimejaa na watu idadi kamili, siku ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa haijatoa angalizo la upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, lakini kusi lipo. Tokeni nje ya mlango wa bandari, mkiipita rasi ya Msangamkuu, mgeukie upepo, kisha mwambie nahodha apunguze taratibu huku ukiitazama saa ya kasi. Iandike ile namba ambayo omo huanza kuinuka na povu la nyuma kupanda, zimeni injini moja mrudi nayo hiyo iliyobaki, na mtu mzima kuliko wote mliokuja naye akae omoni kwa dakika chache tu, kisha nyuma, akuambie mwenyewe.